Mobutu na abakosti: maisha ya mtu aliyewaamrisha Wazaire nguo za kuvaa

Tarehe 7 Septemba 1997, Mobutu Sese Seko alifariki dunia mjini Rabat, nchini Maroko, akiwa na umri wa miaka 66. Ilikuwa haijatimia hata miezi minne tangu akimbie Kinshasa. Aliitawala nchi yetu kwa zaidi ya miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nchi iliitwa Zaire.

Vijana wengi wa Fizi na Baraka walizaliwa baada ya kifo chake. Hawakumwona hata kwenye televisheni, lakini wanamtambua mara moja wakionyeshwa picha yake: kofia ya ngozi ya chui, miwani yenye fremu nzito, fimbo ya kuchonga mkononi, na koti lililofungwa hadi juu bila kravati. Mavazi hayo hayakutokea kwa bahati. Mobutu alitumia nguo jinsi watawala wengine wanavyotumia sheria na bunduki. Ndiyo maana anayefuata habari ya nguo zake anafuata pia habari ya utawala wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtoto wa mpishi

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, kando ya mto Kongo, katika jimbo la Équateur. Jina lake la ubatizo lilikuwa Joseph-Désiré. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji. Mama yake aliitwa Marie-Madeleine Yemo. Mobutu alikuwa na miaka 8 tu baba yake alipofariki, na tangu hapo alilelewa huku na huku, kwa ndugu na kwa wamisionari.

Alisoma kwa mapadri wa Scheut huko Coquilhatville, mji ambao leo unaitwa Mbandaka. Alikuwa na akili, lakini pia alikuwa mtukutu. Siku moja alipanda mashua kwenda Léopoldville bila ruhusa. Aliporudi, mapadri walimfukuza, na adhabu ya vijana wa namna hiyo wakati ule ilikuwa kupelekwa jeshini kwa miaka 7. Ndivyo alivyoingia Force Publique mwaka wa 1950.

Jeshini alijifunza kazi ya ofisi huko Luluabourg, akasoma sana magazeti na vitabu vya wakubwa wake, na akafika cheo cha sajini-meja, mojawapo ya vyeo vya juu ambavyo Mwafrika angeweza kuvipata. Mwaka wa 1955 alimuoa Marie-Antoinette Gbiatibwa. Mwisho wa mwaka wa 1956 alivua yunifomu na kuwa mwandishi wa habari mjini Léopoldville.

Kostimu na kravati

Katika Léopoldville ya miaka ile, nguo ilikuwa cheti. Wabelgiji waliwapanga Waafrika kwa madaraja. Mtu mweusi aliyejua Kifaransa, aliyekula mezani kwa kisu na uma, na aliyevaa kostimu na kravati, alihesabiwa kuwa ameanza kustaarabika. Kulikuwa na karani waliotembelewa nyumbani kwao ili ikaguliwe jinsi wanavyoishi kabla ya kupewa kadi ya heshima. Kwa hiyo kostimu haikuwa pambo tu. Ilikuwa njia ya kumwambia mzungu kwamba mimi pia ni mtu.

Kijana Mobutu alivaa kostimu hiyo kama wenzake wote. Aliivaa alipokwenda Brussels mwaka wa 1958 wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na aliivaa tena mwanzoni mwa mwaka wa 1960, wakati viongozi wa Kongo walipokutana na serikali ya Ubelgiji kuzungumzia uhuru. Tazama picha za mkutano ule: karibu wajumbe wote wa Kongo wamevaa kostimu nyeusi na kravati, mmoja baada ya mwingine. Patrice Lumumba, aliyekuwa rafiki na kiongozi wake katika chama cha MNC, alipenda tai ndogo ya kipepeo.

Baada ya uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi liliasi, na Lumumba akamrudisha Mobutu jeshini kama mkuu wa majeshi. Tarehe 14 Septemba mwaka huo, Mobutu alimgeuka na kuwaweka kando wanasiasa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Doa hilo halikumtoka Mobutu maisha yake yote, hata alipovaa mavazi mapya meupe kuliko pamba.

Mwezi mmoja wa Novemba

Kwa wakaaji wa Fizi, jina la Mobutu linafungamana na mwaka wa 1965. Uasi wa Simba ulikuwa umeenea mashariki, na milima ya Fizi pamoja na pwani ya ziwa Tanganyika ndiyo iliyokuwa ngome yake ya mwisho. Tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kushuka Kibamba pamoja na Wakuba wenzake ili kuwasaidia waasi, ambao miongoni mwao alikuwemo kijana Laurent-Désiré Kabila. Jeshi la serikali lilileta mamluki wazungu wa Mike Hoare, na Baraka ikachukuliwa baada ya mapigano makali. Tarehe 21 Novemba, Che na watu wake waliondoka usiku kwa mashua kurudi Tanzania.

Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alichukua madaraka Léopoldville. Kwa hiyo kushindwa kwa uasi wa Fizi na kuanza kwa utawala wa Mobutu ni mambo ya juma moja. Wengi wa huku walimjua kwanza kama mtu wa kombati na bereti, si kama mtu wa kofia ya chui.

Chui anatoka kwa machifu

Madaraka yalipokuwa mikononi mwake, Mobutu alianza kutafuta sura mpya. Ilimbidi. Alikuwa mwanajeshi aliyepindua serikali mara mbili, na wengi walimlaumu kwa damu ya Lumumba. Mwaka wa 1967 aliunda chama cha MPR, ambacho baadaye kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa. Katika miaka hiyo kofia ya ngozi ya chui ikaanza kukaa kichwani mwake, na mara nyingi kostimu na kravati zilikuwa bado chini yake.

Kwa Wabembe na Warega, maana ya chui haihitaji maelezo marefu. Ngozi na meno ya chui ni vitu vya wakubwa. Katika bwami, mtu hupanda daraja kwa daraja, hutoa mali, hufundishwa, hupimwa tabia yake, na kofia anayovaa inaonyesha amefika wapi. Hakuna anayeamka asubuhi na kujivika kofia ya mkubwa. Watawala wa Kibelgiji waliipiga marufuku bwami katika miaka ya 1940, kwa sababu waliona humo mamlaka ambayo hayakutoka kwao.

Mobutu alichukua alama hiyo ya machifu wa makabila mengi na kuifanya ya mtu mmoja. Chui mmoja tu kwa nchi nzima. Heshima ambayo wazee waliipata polepole, mbele ya macho ya jamii yao, yeye aliipata kwa amri na kwa picha ya televisheni.

Februari 1972

Tarehe 27 Oktoba 1971, nchi ilibadilishwa jina na kuitwa Zaire. Miezi michache baadaye ilikuwa zamu ya majina ya watu: majina ya kikristo yalikatazwa, na rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Bwana na Bibi wa Kifaransa waliondolewa, na kila mtu akawa mwananchi tu.

Mwezi wa Februari 1972 nguo nazo zikafuata. Kostimu na kravati za kizungu zilikataliwa, na mahali pake pakaja abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kuilaani kostimu. Ilikuwa koti jepesi lenye kola, linalofungwa vifungo hadi karibu na shingo, la mikono mirefu au mifupi, linalovaliwa bila shati la kizungu na bila kravati. Wakubwa waliongeza fulari ya hariri shingoni, na beji ya chama kifuani.

Wengi husema kwamba Mobutu aliitoa abakosti China, kwa Mao. Ni kweli inafanana na koti la Mao, lakini safari yake ya kwanza Beijing ilikuwa Januari 1973, karibu mwaka mzima baada ya uamuzi huo. Haikuwa pia jambo la Zaire peke yake. Ng’ambo ya ziwa, Wazambia na Watanzania walikuwa na kaunda suti, na wafanyabiashara wa Baraka waliokwenda Kigoma waliijua vizuri. Marais wengi wa Afrika wakati ule walitafuta nguo ya kazi isiyokuwa ya mkoloni. Tofauti ni kwamba kwa Nyerere na Kaunda suti ile ilikuwa mfano wa kuigwa, lakini kwa Mobutu abakosti ikawa amri. Mfanyakazi wa serikali asingethubutu kuingia ofisini na kravati.

Wazo lenyewe halikuwa baya, na haki inataka tuliseme hilo. Watu waliokuwa wamepimwa utu wao kwa kravati walifurahi kuambiwa kwamba kravati si kipimo. Mafundi wa kushona walipata kazi, maana koti hilo halikuwa gumu na kitambaa chochote kilifaa. Kwa miaka michache, karani wa Uvira na waziri wa Kinshasa walivaa mtindo mmoja.

Lakini usawa huo ulikuwa wa mtindo tu. Abakosti za wakubwa zilishonwa Ulaya, na zile zilizosifiwa kuliko zote zilitoka kwa kampuni ya Arzoni huko Zellik, karibu na Brussels. Yaani nguo ya kuikataa Ubelgiji ilinunuliwa Ubelgiji, kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Ilitosha kutazama kitambaa na mshono ili kujua nani anakula na nani anatazama.

Wanawake na kikwembe

Kwa wanawake amri ilikuwa nzito zaidi. Suruali, sketi fupi na nywele za bandia vilikatazwa. Mwanamke wa Zaire alitakiwa kuvaa kikwembe. Jambo kama hilo lilikuwa limeonekana Tanzania, ambako Operesheni Vijana ilipiga vita sketi fupi mjini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Wanaume walibadilishiwa koti; wanawake walikaguliwa miguu, nywele na ngozi, na mara nyingi waliokagua walikuwa vijana wa chama barabarani.

Viwanda vya nguo vilinufaika kwa muda. Vikwembe vyenye rangi za chama na sura ya rais vilivaliwa siku za sherehe, wakati vikundi vya wachezaji vilipopangwa mistari kumwimbia Kiongozi. Katika shule na ofisi, kucheza kwa ajili ya chama ilikuwa sehemu ya kazi. Mwenye kikwembe cha Uholanzi alijulikana kuwa na mume mwenye nafasi, kama ilivyo hata leo.

Vijana wa Kinshasa wanakataa

Miaka ya 1970 haikwisha vizuri. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire. Waliopewa walikuwa hasa watu wa karibu naye, na maduka mengi yalikauka. Bei ya shaba ikaanguka mwaka uliofuata. Dunia nzima iliiona kofia ya chui tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman mjini Kinshasa, lakini nyuma ya sherehe hiyo mfuko ulikuwa unatoboka.

Ndipo upinzani wa ajabu ulipotokea katika mtaa wa Matonge. Mwanamuziki Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu, aliunda bendi ya Viva la Musica mwaka wa 1977, na vijana waliomfuata wakapenda nguo za wabunifu wakubwa wa Paris, Milano na Tokyo. Hao ni watu wa Sape. Walivaa makoti, viatu vya J.M. Weston, na hata kravati, katika nchi iliyokataza kravati. Hawakuandika barua ya kupinga, wala hawakushika silaha. Walitembea tu barabarani wakiwa wamevaa wanavyotaka.

Wapo wanaowalaumu kwa kutumia fedha nyingi wakati nyumbani hakuna chakula, na lawama hiyo ina uzito. Lakini tukumbuke kwamba walikuwa wakimtazama rais wao. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba katika Zaire mtu ni nguo yake.

Fizi, mahali ambapo amri ilichoka

Huku milimani hali ilikuwa tofauti. Kabila hakuondoka pamoja na Che moja kwa moja. Alirudi, na Desemba 1967 akaunda chama cha PRP katika milima ya Fizi, na makao yake yakaitwa Hewa Bora. Kwa miaka mingi kulikuwa na sehemu za Fizi ambako serikali ya Mobutu haikufika. Mwaka wa 1975, wapiganaji wa PRP walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wageni huko Gombe, Tanzania. Mwaka wa 1984 na wa 1985 waliushambulia mji wa Moba.

Kati ya milima ya waasi na kambi za jeshi, raia walikuwa wanabanwa pande zote mbili. Mahali kama hapo, nguo inaweza kumponza mtu. Koti la abakosti linamtangaza mwenyewe kuwa mtu wa serikali, na kombati chakavu inamtangaza kuwa mtu wa msituni. Kinshasa, kosa la mavazi lilileta aibu au usumbufu. Katika eneo la vita, lingeweza kuleta kifo. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wanaosimulia habari za mitindo ya mji mkuu huisahau.

Machozi ya N’Sele

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alisimama mbele ya wakubwa wa nchi huko N’Sele na kutangaza mwisho wa chama kimoja. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, rafiki yake Ceaușescu wa Rumania alikuwa ameuawa miezi minne kabla, na raia wa Zaire walikuwa wamechoka. Sauti ilimkatika na machozi yakamtoka.

Katika hotuba hiyohiyo alizungumzia nguo. Aliruhusu kravati irudi na kila mtu ajichagulie, lakini akaeleza kwamba yeye mwenyewe hataonekana na kravati, kwa kuwa chaguo lake alilifanya Februari 1972. Inashangaza kidogo: siku ambayo alikubali kugawana madaraka, alikataa kubadilisha koti. Na madaraka yenyewe hakuyagawa kwa kweli. Kravati zilirudi kwa haraka kuliko demokrasia. Wanajeshi wasiolipwa walipora Kinshasa Septemba 1991 na tena Januari 1993, na fedha ikapoteza thamani hadi mfuko mzima wa noti haukutosha kununua shati.

Buti za mpira

Agosti 1996 Mobutu alipasuliwa huko Lausanne, Uswisi, kwa sababu ya kansa ya tezi dume. Akiwa bado Ulaya, vita vilianza huku kwetu Kivu Kusini. Mwezi wa Oktoba AFDL ilizaliwa Lemera, Kabila akawa msemaji na kisha kiongozi wake. Uvira na Bukavu zilianguka kabla ya mwezi huo kwisha.

Tarehe 4 Mei 1997, Mobutu mgonjwa na Kabila walikutana mbele ya Nelson Mandela kwenye meli ya Afrika Kusini, Outeniqua, huko Pointe-Noire. Hawakuelewana. Tarehe 16 Mei Mobutu alikimbia Kinshasa, na kesho yake askari wa AFDL waliingia mjini. Wengi walikuwa watoto, kadogo, na miguuni walikuwa na buti za mpira. Watu wa Kinshasa, wapenda viatu kuliko wote Afrika, walisimama barabarani kuwashangaa.

Kabila naye hakupenda kravati sana. Mara nyingi alionekana na suti nyepesi ya mikono mifupi, iliyofanana na ile ya mtu aliyemwangusha. Na katika majuma ya kwanza, wanawake wa Kinshasa walilalamika kwamba askari wapya waliwasumbua kwa sababu ya suruali na sketi fupi. Mtawala alikuwa mwingine, lakini mwanamke alikuwa bado anakaguliwa barabarani.

Kilichobaki

Mobutu alizikwa Rabat, katika makaburi ya wakristo, na hadi sasa mwili wake haujarudishwa Gbadolite wala Lisala. Majumba yake ya Gbadolite yaliporwa. Abakosti haijafa kabisa, lakini leo bungeni na ofisini kravati ndiyo inayotawala tena.

Kikwembe kimekuwa na bahati nyingine. Kilikuwako kabla ya Mobutu, kikaletwa na biashara na kupendwa na mama zetu bila amri ya mtu. Sheria ya kukilazimisha ilipoisha, kilibaki. Tarehe 8 Machi ya kila mwaka wanawake wa Fizi na Baraka wanakivaa kwa pamoja, na kwenye arusi na matanga hakikosekani. Lakini hilo lisitumike kumwambia msichana wa leo kwamba suruali si nguo ya kwao. Mobutu alijaribu hilo kwa miaka karibu 20, akiwa na chama, polisi na televisheni mikononi, na nguo zilizoshinda ni zile ambazo watu walizichagua wenyewe.